Mgonjwa Asiye na Cheti

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyehama mji wake akapokewa na watu wa mji mwengine. Amma baad.

Mwaka wa 1445, siku chache baada ya Idi Kubwa, tulikuwa tumekaa barazani baada ya sala ya alasiri, zikaletwa khabari za mahujaji waliokufa kwa joto la jua katika Makka. Ikasemwa ya kwamba walio wengi katika waliokufa walikwenda bila ya kibali cha Haji. Mzee mmoja akasema, "Basi walijitakia wenyewe. Nani aliyewaambia wapite mlango wa uani?" Na palikuwapo mtu mwengine, ambaye nduguye yuko ugenini Ulaya miaka mingi bila ya karatasi. Huyo hakujibu neno. Aliinuka akaenda zake, na kahawa yake akaiacha kikombeni. Mimi nami nilinyamaza. Tangu siku ile kimya changu kimenikera, na karatasi hizi chache ni jawabu lililonipasa kulitoa pale pale.

Mas'ala yetu ni haya: mtu aliyevuka mpaka, au aliyekaa katika nchi, bila ya idhini ya wenye nchi, je, akiugua huondokewa na haki ya kutibiwa? Na je, yafaa mgonjwa aulizwe pasi yake kabla ya kuulizwa maumivu yake?

Kwanza tuondoe lisilo na ugomvi. Hatusemi ya kwamba mipaka yote ni dhulma, wala kwamba kila serikali imzuiayo mtu mlangoni imemwonea. Nyumba ina mlango, na mwenye nyumba ana haki ya kujua ni nani aingiaye. Na katika mambo ya afya, haki hiyo huwa ni wajibu. Sote twaijua hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kwamba tauni ikisikiwa katika nchi watu wasiingie, na ikizuka katika nchi waliyomo wasitoke kwa kuikimbia. Na Sayyidna Umar, mwaka wa 18 wa Hijra (639), alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh aliletewa khabari ya tauni iliyozuka huko, akashauriana na Masahaba, kisha akarudi Madina na watu wake. Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimfahamisha ya kwamba aiachaye kadari moja akashika nyengine hakutoka katika kadari. Basi kufunga njia kwa ajili ya maradhi si bidaa iliyoletwa na Wazungu. Ni jambo tulilolijua kabla yao.

Lakini iangalieni vyema hekima ya amri ile. Imewafunga walio nje na walio ndani sawasawa. Haikumwuliza mtu kabila lake, wala mali yake, wala ametoka wapi. Imeyatazama maradhi, haikumtazama mtu. Hiki ndicho kipimo tutakachokitumia katika maneno yote yajayo: kila amri ya mpaka tuiulize, je, yatazama maradhi, au yamtazama mtu?

Historia ya Haji yenyewe yatufundisha. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia Makka katika msimu wa Haji, na yasemekana ya kwamba katika mahujaji kama 90,000 walikufa wapatao 15,000. Waliosalia wakarudi makwao na maradhi yakafuatana nao, yakafika Suez na Iskandaria, kisha Marseille na bandari nyengine za Ulaya. Mwaka uliofuata madola yakakutana Istanbul kushauriana juu ya afya, na tangu hapo haji akawa ni mtu wa kuchungwa baharini na nchi kavu. Mwaka 1882 dola ya Uthmaniya ilifungua karantini katika kisiwa cha Kamaran, pwani ya Yemen, na meli za mahujaji zitokazo kusini zikalazimika kutia nanga huko kabla ya kufika Jidda.

Karantini ile ilikuwa na faida, wala hatuzikatai. Walakini mahujaji walitozwa fedha kwa kuwekwa karantini, na mzigo ulio mwepesi kwa tajiri humvunja maskini mgongo. Na kila amri imfanyayo mgonjwa kuogopa kuonekana humfundisha kujificha. Mwenye homa husimama wima mbele ya daktari, akajifanya mzima, kwa kuwa ameona ya kwamba kuugua kutamgharimu kuliko kufa. Ndipo amri iliyowekwa ili maradhi yaonekane ikayaficha. Madola yalichukua muda mrefu kulifahamu hili. Kanuni za afya za dunia zilizokubaliwa mwaka 2005, zikaanza kutumika mwaka 2007, zimekataza msafiri kutozwa fedha kwa kuchunguzwa au kwa kutengwa kwa ajili ya kuilinda afya ya watu, ila wale wanaotaka kuhamia na kukaa. Amri ya chanjo nayo yatubainishia upande wa pili. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo iliwapata mahujaji ikaenea na waliorudi, na baada yake chanjo ya maradhi hayo ikawa sharti la kwenda Haji. Sharti hilo yatimiza kila mtu, tajiri na maskini, na faida yake ni ya kila mtu. Hiyo ni amri iliyoyatazama maradhi.

Sasa tuje kwenye Haji ya mwaka ule wa 1445, yaani Juni 2024. Waliohiji mwaka ule walizidi milioni moja na laki nane. Joto lilifika daraja 51.8 katika Msikiti Mtakatifu wa Makka. Serikali ya Saudia ilitangaza ya kwamba waliokufa ni 1,301, na katika kila mia moja 83 walikuwa hawana kibali, walitembea masafa marefu katika jua bila ya kivuli wala mahali pa kupumzikia.

Yatupasa tuseme kweli kwa uadilifu. Idadi ya mahujaji haikuwekwa kwa ubakhili. Mwaka 1990 walikufa watu 1,426 kwa kusongamana katika njia iliyochimbwa chini ya mlima karibu na Makka, na asiyeweka kiasi cha watu katika bonde lililo dogo amewaweka wote katika khatari. Wala milango ya hospitali haikufungwa. Serikali ile ilieleza ya kwamba katika huduma za matibabu zaidi ya 465,000 zilizotolewa katika Haji ile, 141,000 zilikwenda kwa watu wasio na kibali. Hili ni la kushukuriwa.

Basi ikiwa dawa ilikuwapo, na daktari alikuwapo, kwa nini walikufa? Kwa sababu afya ya mtu haianzii katika kitanda cha hospitali. Huanzia kivulini. Hema lenye hewa baridi, gari la kumtoa Mina hadi Arafa, mahali pa kulala na kunywa, vyote hivyo vilifungamanishwa na kibali. Na kabla ya Haji watu zaidi ya 300,000 wasio na ruhusa walikwisha kutolewa Makka. Basi aliyebaki alibaki hali ya kujificha. Ajifichaye hupita njia zisizo na watu, na njia isiyo na watu haina maji. Akiona kizunguzungu hamwiti askari, kwa kuwa askari ndiye amkimbiaye. Hukaa chini ukutani akasema atapumzika kidogo. Wanawe wakampigia simu asijibu. Daktari yuko umbali wa mwendo wa dakika chache, lakini baina yake na daktari pana khofu.

Atasema msemaji: kosa ni lake. Twasema: naam, kosa lipo, wala hatulifichi. Baraza la wanavyuoni wakubwa wa Saudia lilitangaza, kabla ya msimu ule, ya kwamba haifai kwenda Haji bila ya kibali. Na wako mawakala waliouza viza za matembezi kwa jina la Haji. Serikali ya Misri ilizifutia leseni kampuni 16 za safari baada ya msiba ule. Lakini adhabu ya kosa hili imeandikwa na inajulikana: ni faini ya riyali 10,000 mwaka ule, na kurudishwa makwao kwa wageni. Hapana sheria yoyote iliyosema ya kwamba adhabu yake ni kufa kwa kiu. Basi asemaye "walijitakia wenyewe" amewahukumu watu kwa hukumu ambayo hata hakimu wa nchi ile hakuitoa.

Huenda mwenye elimu akatuuliza: "Je, wanavyuoni wetu hawakusema ya kwamba rukhsa hazifungamani na maasi? Si kauli ya madhehebu yetu ya Shafi ya kwamba msafiri wa maasi hapunguzi sala wala hafungui Ramadhani? Basi aliyesafiri kwa kuvunja sheria atapataje wepesi?" Twasema: ndivyo, hiyo ni kauli mashuhuri katika madhehebu yetu, ingawa Mahanafi wamekhalifu. Lakini hukumu ile ni juu ya msafiri mwenyewe na wepesi aliopewa yeye katika ibada yake. Mas'ala yetu si ya msafiri. Ni ya yule aliyesimama mbele yake na maji mkononi.

Na juu ya mwenye maji, vitabu vyetu havikuacha shaka. Mtu mwenye maji ya kutawadhia, akawa karibu naye yuko mwenye roho ihishimiwayo amepatwa na kiu, basi humpa maji yake, na yeye akatayammamu. Wala hukumu hii haikukomea kwa binadamu, imefika mpaka kwa mnyama. Na mtu aliye ndani ya sala ya faradhi akimwona mtu anazama, naye aweza kumwokoa, humpasa aikate sala yake amtoe majini. Enyi watu wa pwani, ninyi mwaijua bahari. Ni nani katika ninyi aliyepata kusoma, au kusikia kwa mzee wake, ya kwamba azamaye aulizwe kwanza ametoka bandari gani, na kama nahodha wake ana karatasi? Humtoa kwanza. Akishakohoa maji, akavaa nguo kavu, ndipo mwaweza kumwuliza, na hata kumpeleka kwa wenye amri. Kuokoa si kuhalalisha. Ni kuweka kila jambo katika zamu yake.

Na hivi ndivyo walivyofahamu waliotutangulia. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Kairo mwaka 1284, waraka wa wakfu wake uliifungua kwa wote, tajiri na maskini, mkaazi wa mji na mgeni aliyewasili, bila ya malipo. Na mfano wa karibu ni huu: tarehe 30 Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia, Mfalme Salman wa Saudia aliamuru matibabu ya maradhi hayo yawe bure kwa kila aliye katika nchi, raia na mgeni, na hata yule aliyevunja sheria za ukaazi, wala asichukuliwe hatua kwa sababu ya kujitokeza. Tazameni! Nchi ile ile yenye mipaka mikali, ilipoyatazama maradhi badala ya mtu, iliona mara moja ya kwamba asiye na karatasi akijificha na homa yake, mwenye karatasi hatasalimika.

Sasa tukipeleke kipimo chetu hicho mbali zaidi, Uingereza, kwani huko wako wana wetu wengi, wa Mombasa na Unguja na Barawa, na khabari zao hutufikia kila siku. Nchi ile tarehe 5 Julai 1948 ilianzisha huduma ya afya ya taifa, kwa msingi wa kwamba mgonjwa atibiwe kwa haja yake, si kwa mfuko wake. Ni jambo jema kabisa katika mambo ya utawala. Lakini tangu mwaka 1982 hospitali zilitakiwa kuwatoza baadhi ya wageni, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 2014 ikazidisha. Tangu mwaka 2015 aombaye viza ya kukaa zaidi ya miezi sita hulipa ada ya afya: ilianza pauni 200 kwa mwaka, na mwaka 2024 ikafika pauni 1,035 kwa mtu mzima, na mwenye kufanya kazi hukatwa na kodi vile vile kama wengine. Mwezi wa Oktoba 2017 hospitali za Ingereza ziliamriwa na sheria ziwadai fedha kabla ya matibabu wale wasiostahiki, ila yakiwa ni matibabu ya haraka. Na asiyetoka nchi za Ulaya hudaiwa mara moja na nusu ya gharama. Na deni la kuanzia pauni 500 lisipolipwa hupelekewa wizara ya mambo ya ndani, nayo yaweza kumnyima mtu viza kwa ajili yake.

Kubwa kuliko hayo ni hili. Mwaka 2017 palikuwa na mapatano baina ya idara iwekayo daftari za wagonjwa na wizara ile ya mambo ya ndani, ya kwamba wizara ikimtafuta mtu aliyevunja sheria ya uhamiaji ipewe anwani aliyoiandikisha kwa daktari wake. Yaani mama aliyempeleka mtoto wake kupimwa kifua, akaandika mtaa na nambari ya nyumba ili aletewe barua ya daktari, karatasi ile ile ndiyo iliyoweza kumleta askari mlangoni. Madaktari walilalamika, na kamati ya afya ya bunge ikataka jambo hilo likomeshwe. Serikali ikarudi nyuma mwezi wa Mei 2018. Lakini amana ikivunjika mara moja, kuirudisha ni kazi ya miaka. Kwetu sisi siri ni amana, na msikizi wa siri ya mgonjwa amechukua amana kubwa, kwani mgonjwa humwambia daktari asilomwambia mkewe. Daktari akigeuzwa kuwa jicho la polisi, amepoteza kitu kimoja ambacho dawa zote zahitaji ili zifanye kazi, nacho ni kuaminiwa.

Watetezi wa sheria ile husema: "Hatukumnyima mtu tiba ya maradhi ya kuambukiza. Kifua kikuu hutibiwa bure, na ukimwi hutibiwa bure, na penye ajali haulizwi mtu." Hayo ni kweli, nasi twayakubali. Lakini mtu hajui jina la kikohozi chake mpaka apimwe. Ajuaye ni daktari, na kumfikia daktari kwataka kuvuka kizingiti kile kile anachokiogopa. Basi msamaha ulioandikwa katika kitabu haumfikii mtu aliyekwisha kuiogopa nyumba nzima. Atakaa na kikohozi chake chumbani, na chumba hicho wamelala watu sita, na asubuhi wote sita huenda kazini katika majiko na maduka ya mji. Hapo sheria haikumdhuru mgeni peke yake.

Na angalieni jinsi upanga huu unavyokata hata asiyekusudiwa. Mwaka 2018 ilitangaa khabari ya mzee mmoja mzaliwa wa Jamaika, aliyefika London tangu ujana wake, akakaa miaka 44, akafanya kazi na kulipa kodi. Alikuwa na saratani. Hospitali ikamtaka aonyeshe karatasi za kukaa kwake. Hakuwa nazo, kwani alipoingia hakupewa wala hakutakiwa kuwa nazo. Akaambiwa alete pauni 54,000 kabla ya kupigwa mionzi. Mzee yule hakuvunja sheria yoyote. Alikuwa ni mmoja katika maelfu waliofika kutoka visiwa vile kwa haki, kisha wakaulizwa uzeeni karatasi ambazo hawakupewa ujanani. Baada ya makelele mengi serikali ilisema atatibiwa, na waziri wa mambo ya ndani alijiuzulu mwezi wa Aprili mwaka huo kwa fitina iliyozuka katika jambo hilo zima. Kipimo chetu chasemaje? Sheria hii haikuyatazama maradhi hata kidogo; ilimtazama mtu, na kwa kumtazama ikamkosea.

Imebaki hoja moja yenye nguvu, nayo ni ya hazina. Husemwa: "Mali ya umma ni ya wenye nchi. Mkiwatibu wote, watakuja wote, na hazina itakauka." Hatuidharau hoja hii, kwani kuilinda mali ya umma ni wajibu. Na twakubali ya kwamba tajiri aliyesafiri kwa makusudi ya kutibiwa alipe, na mtalii awe na bima yake, na yasiyo ya dharura yaweze kungojea. Lakini yako mambo matatu. La kwanza, maradhi yaliyoachwa hayangojei. Kidonda kilichotakiwa kuoshwa leo, kesho hutaka kukatwa mguu, na gharama ya kesho huichukua hazina ile ile. La pili, wengi katika hao wanaoitwa walaji wa hazina ndio wanaoijaza, kwa kodi na kwa ada ya viza. La tatu, tazameni ni nani awaoshaye wagonjwa katika hospitali hizo. Mwaka 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano ya kupeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi huko. Mpaka hufunguliwa kwa mkono uoshao kidonda, ukafungwa kwa mwenye kidonda. Nchi itakayo jasho la mgeni haiwezi kusema kwa insafu ya kwamba homa ya mgeni haiihusu.

Walakini, ndugu zangu, tusiwanyoshee vidole walio mbali tukasahau nyumbani. Hapa kwetu Kenya, tangu mwaka 1991 iko kambi ya Dadaab, na wengi waliomo ni Wasomali, ndugu zetu katika dini na jirani zetu katika ardhi. Mkimbizi hatoki kambini kwenda mji mwengine ila kwa kibali. Basi akipatwa na maradhi yasiyotibika pale, huhitaji karatasi mbili: ya daktari imtumayo hospitali kubwa, na ya serikali imruhusuyo kupita njiani. Na maradhi hayahitaji hata moja. Mwaka 2013 polio ilizuka Dadaab, na chanjo haikutosha kutolewa kambini. Ilibidi wachanjwe watoto wa wakimbizi na watoto wa wenyeji pamoja, kwa kuwa kirusi cha polio hakikuuliza kitambulisho. Tuliona kwa macho yetu ya kwamba mtoto wa mgeni akiachwa, mtoto wa mwenyeji hayuko salama.

Na hata ndani ya nyumba zetu, je, hatuna mipaka? Yuko mtumishi aliyetoka nchi ya mbali bila ya karatasi, apikaye na kufua na kulea watoto. Akiugua, mwenye nyumba huogopa kumpeleka hospitali asije akaulizwa, akamnunulia vidonge dukani akamwambia alale. Anayefanya hivi, kisha akakaa barazani akiilaumu Uingereza, na ajitazame.

Basi nawausia mambo matatu, kisha ninyamaze.

La kwanza ni kwa msafiri. Usivunje amri ya watu katika nchi yao, khasa katika safari ya ibada. Uwezo ni sharti la Haji, na asiyepata njia ya halali hakufaradhiwa mwaka huo. Ewe kijana utakaye kumfurahisha mama yako mzee, kabla hujatoa fedha mwulize wakala: hii ni viza ya Haji, au ni ya matembezi? Ukimtuma juani bila ya hema, furaha uliyomnunulia yaweza kuwa sanda.

La pili ni kwa mwenye kazi katika hospitali, awe daktari, au muuguzi, au karani wa dirishani. Karatasi zina wakati wake na mgonjwa ana wakati wake, na wa mgonjwa ni wa kwanza. Uliza jina ili umwite, uliza mtaa ili umfuate kwa dawa. Usiulize ili umkamatishe. Kazi ya kulinda mpaka wamepewa wengine, nao hawakukuomba uwasaidie kitandani.

La tatu ni kwetu sisi wakaa barazani. Tusiseme juu ya maiti neno ambalo hatungelisema mbele ya mwanawe. Mtu aweza kukosea njia, akabaki na haki ya kupewa maji. Na haki hiyo hakupewa na serikali hata serikali imnyang'anye, wala hakupewa na cheti hata ipotee kwa kupotea cheti. Aliye na maji ataulizwa juu ya maji yake, na hatujasikia ya kwamba udhuru wa "hakuwa na kibali" utakubaliwa Siku hiyo.

Na wewe ndugu yangu uliyeiacha kahawa yako kikombeni siku ile, nakuomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Nduguyo aliye ugenini, kama ni mkosa, hukumu yake iko kwa wenye nchi. Na kama ni mgonjwa, haki yake iko juu ya kila aliye karibu naye. Mwambie asijifiche na maradhi yake. Na aombe Mungu amkutanishe na daktari atakayemwuliza, kabla ya lolote, wapi panapomwuma.

Wa billahi ttawfiq.